Ukambani, katika nyayo za profesa aliyegeuka gavana

Ndugu msomaji, ikiwa unaishi Nairobi, bila shaka umewahi kupita barabara ya Muindi Mbingu, ile inayopita karibu na bustani ya Jeevanjee na soko la City Market. Huenda umenunua maua pale, au umempeleka mtoto kununuliwa sare za shule. Lakini je, umewahi kusimama na kujiuliza huyo Muindi Mbingu alikuwa nani?

Mwaka wa 1938 serikali ya mkoloni iliamua kwamba Wakamba walikuwa na mifugo mingi kupita kiasi na kwamba milima yao ilikuwa inamomonyoka. Maafisa wakaanza kuchukua ng'ombe wa watu na kuwauza kwa lazima. Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu ya wanaume, wanawake na watoto kutoka Machakos hadi Nairobi. Walikaa huko wiki kadhaa, wakilala nje, na dai lao lilikuwa moja tu: gavana aje awasikilize. Mwishowe gavana alikwenda Machakos kuzungumza nao, na uuzaji wa lazima ukaachwa. Muindi Mbingu mwenyewe alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu miaka 75 baadaye, mnamo Machi 2013, wajukuu wa watu hao walipiga kura na kujichagulia gavana wao wenyewe. Huko Makueni waliyemchagua hakuwa mfanyabiashara wala chifu wa zamani, bali mwalimu wa sheria wa chuo kikuu, Profesa Kivutha Kibwana. Nakualika leo tusafiri pamoja tuone nchi iliyomlea, na tuulize swali ambalo kila mzazi anayelipa karo hujiuliza: kisomo kikubwa kina faida gani kwa mtu anayeteka maji kwa punda?

Kuingia Kitui

Tutafuata njia ndefu, kupitia Kitui, kwani mwenda pole hajikwai. Matatu yetu ilipita Machakos na Masii, kisha tukafika Wamunyu. Hapa ndipo nyumbani pa uchongaji wa vinyago vya Wakamba. Mzee Mutisya Munge alijifunza kazi hiyo Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akarudi nayo kijijini, na leo hutakosa twiga au kifaru wa Kikamba katika duka lolote la watalii kutoka Mombasa hadi London.

Baada ya Wamunyu barabara huteremka hadi mto Athi, kisha hupanda uwanda wa juu wa Yatta. Ukitazama kando utaona mgongo wa nchi ulionyooka kana kwamba umekatwa kwa kisu. Huo ni mmiminiko wa lava ya kale, wenye urefu wa karibu kilomita 300, na wataalamu huuhesabu miongoni mwa mirefu zaidi duniani.

Juu ya uwanda huo, mahali panapoitwa Kwa Vonza, vijana wenye mikoba mgongoni walishuka kwa wingi. Hapo ndipo kilipo Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichoanza mwaka wa 2008 kama tawi la Chuo Kikuu cha Nairobi na kupata hati yake ya kujitegemea mwaka wa 2013. Msichana mmoja aliyeketi kando yangu, mwanafunzi wa mwaka wa pili, aliniambia kwamba babake hulipa karo kwa kuuza ndengu. "Mvua ikikosa," alisema, "ujumbe wa simu unakuja kabla ya mtihani." Alicheka, lakini nilielewa kwamba haukuwa mzaha.

Hebu fikiria, msomaji, jinsi mambo yalivyokuwa zamani. Kivutha Kibwana alizaliwa mwaka wa 1954. Alipofikia umri wa kuingia chuo kikuu, nchi nzima ya Kenya ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu, kile cha Nairobi. Cha pili, Moi, kilianzishwa mwaka wa 1984. Mtoto wa Ukambani aliyetaka shahada hakuwa na budi kuvuka Athi, na wengi waliovuka hawakurudi ila kwa mazishi na Krismasi.

Mji wa mawakili

Mji wa Kitui, takriban kilomita 170 kutoka Nairobi, umekaa kati ya vilima. Mtu wa kwanza kutoka Ulaya kuuona Mlima Kenya alisimama katika nchi hii. Huyo ni mmishonari Ludwig Krapf, na siku yenyewe ni tarehe 3 Desemba 1849. Aliyemkaribisha ni Kivoi Mwendwa, mfanyabiashara mkubwa wa misafara ya pembe iliyokuwa ikienda hadi pwani. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema kwamba Kitui ni pembeni mwa dunia, mweleze kwamba hapa palikuwa njia panda wakati Nairobi ilikuwa bado kinamasi.

Jiwe la Nzambani liko nje kidogo ya mji. Wenyeji husimulia kwamba ukilizunguka mara saba, mwanamume hugeuka mwanamke na mwanamke hugeuka mwanamume. Nilizunguka mara moja tu, nikaona yatosha. Mke wangu angeniuliza maswali.

Lakini mimi nilikuwa na mzunguko mwingine akilini. Nchi hii kavu imezaa mawakili wengi ajabu. Jaji Mkuu wa kwanza Mwafrika wa Kenya, Kitili Mwendwa, aliyeshika kiti hicho kutoka 1968 hadi 1971, alikuwa mwana wa Kitui. Nzamba Kitonga, wakili wa Kitui aliyefariki Oktoba 2020, aliongoza Kamati ya Wataalamu iliyoandika rasimu ya katiba yetu. Katiba hiyo ilipozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, Waziri wa Haki alikuwa Mutula Kilonzo, wakili na mbunge wa Mbooni, Makueni. Ni katiba hiyo iliyogawa nchi katika kaunti 47, na ikamaliza enzi ya mameya na mabaraza ya miji tuliyoyazoea. Mahali pa meya pakaja gavana, mwenye mfuko mkubwa zaidi na lawama kubwa zaidi.

Nilimuuliza mzee mmoja aliyekuwa akinywa chai sokoni Kalundu kwa nini Wakamba wanapenda sheria hivyo. Alifikiri kidogo, akasema: "Mwanangu, mahali ambapo maji ni machache, kesi ni nyingi."

Mto ulio chini ya mchanga

Kutoka Kitui tulishika njia ya kusini, kuelekea Mutomo, Ikutha na Kibwezi. Waliosafiri huku miaka ya nyuma watakuambia juu ya vumbi jekundu lililoingia hadi ndani ya chupa ya maji. Leo kuna lami, na gari huteleza kati ya mibuyu mikubwa ambayo huonekana kama imepandwa kichwa chini.

Utavuka mto baada ya mto bila kuona tone la maji, kwani mito yenyewe ni mchanga mtupu. Usidanganyike. Chini ya mchanga huo ndiko kuna benki ya Wakamba. Wenyeji hujenga ukuta wa mawe na saruji kukatisha mto, mahali ambapo mwamba uko karibu. Mvua ikinyesha, mafuriko huja na mchanga na matope. Matope mepesi hupita juu ya ukuta, nao mchanga mzito hubaki nyuma yake. Baada ya misimu michache nyuma ya ukuta hujaa mchanga, na katikati ya chembechembe za mchanga huo maji hukaa miezi na miezi. Jua haliwezi kuyafikia, wala ng'ombe hawayachafui. Mama hufukua kisima kidogo tu, akachota. Hapa Kitui shirika la SASOL, pamoja na wanavijiji, limejenga mamia ya mabwawa ya aina hiyo.

Kazi yenyewe hufanywa kwa *mwethya*. Hilo ni neno la Kikamba ambalo nakuomba ulikumbuke, kwani litarudi. Mwethya ni kundi la majirani wanaofanya kazi pamoja kwa zamu, leo shambani kwangu, kesho kwako. Kwa mwethya, hasa wa akina mama, milima ambayo wakoloni waliiona kuwa imekufa katika miaka ya 1930 ilichimbwa matuta. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1994 ulionyesha kwamba watu wa wilaya ya zamani ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi 1992, walikuwa wameongezeka karibu mara tano, na bado udongo ulikuwa umehifadhiwa vizuri zaidi kuliko zamani.

Basi sasa unaona kwa nini mchanga ni dhahabu huku. Malori ya Nairobi yakiuzoa kwenda kujenga maghorofa, yanazoa pia maji ya kijiji. Watu wamepigana na hata kufa kwa ajili ya mchanga. Mwaka wa 2015 kaunti ya Makueni ilipitisha sheria ya kulinda mchanga wa mito yake. Ni sheria ambayo mtu wa mjini anaweza kuicheka, lakini mtu wa mtoni haicheki.

Kuvuka Athi, kuingia Makueni

Baada ya Ikutha tunavuka tena mto Athi, na sasa tuko Makueni. Kutoka Kibwezi tunapanda barabara kuu ya Mombasa hadi Makindu. Ukifika hapo una njaa na huna pesa, ingia hekalu la Masingasinga, lililojengwa mwaka wa 1926. Watakulisha bila kukuuliza dini yako. Kisha tunaiacha barabara kuu, tunapitia Kathonzweni, katikati ya miembe na michungwa, hadi Wote, makao makuu ya kaunti.

Wote ni mji mdogo. Na hapa sasa tumzungumzie mtu wetu.

Kivutha Kibwana alisomea sheria Nairobi, akaendelea na masomo ng'ambo, akarudi kufundisha. Alipanda ngazi hadi kuwa mkuu wa kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka wa 1990, wakati ambapo kuzungumzia haki kulihitaji moyo, kilitoka kitabu chake juu ya haki na uhuru wa kimsingi nchini Kenya. Mawakili wengi mnaowaona mahakamani leo waliketi mbele yake darasani.

Lakini kuna mwalimu anayefundisha mlangoni na mwalimu anayetoka nje ya mlango. Mwaka wa 1997 Kibwana alikuwa miongoni mwa viongozi wa NCEC, muungano wa wanasiasa, makanisa na mashirika ya raia uliodai katiba ibadilishwe kabla ya uchaguzi. Wazazi mnaokumbuka Saba Saba ya mwaka huo mnakumbuka moshi wa kutoa machozi, na jinsi polisi walivyoingia hadi ndani ya kanisa kuu la All Saints na kuwapiga waumini.

Mwaka wa 2002 alichaguliwa mbunge wa Makueni kwa tikiti ya NARC. Akawa waziri, kwanza wa mazingira kisha wa ardhi. Wapo waliomlaumu kwamba mwanaharakati wa jana amekuwa mtu wa serikali leo. Mwaka wa 2007 wapigakura walimwangusha. Akawa mshauri wa Rais Kibaki, na mwaka wa 2013 akarudi nyumbani kuomba kazi mpya ambayo hakuna aliyewahi kuifanya: ugavana.

Mama aliyekataa kutia sahihi

Nilipofika kijiji kimoja nje ya Wote, nilimkuta mama wa makamo akipura mbaazi uani. Nilimwamkia, akaniletea kiti na kikombe cha uji. Nilimwuliza kama anamkumbuka gavana wa kwanza.

"Nakumbuka daftari," alisema.

Alinieleza. Kaunti ilikuwa imeweka utaratibu wa mikutano kuanzia chini: zaidi ya vijiji 3,000, kisha makundi ya vijiji, kisha wadi zote 30, hadi mkutano wa kaunti nzima. Wanakijiji walisema wanataka nini, wakapiga kura kipi kianze. Na mradi ukikubaliwa, wenyeji walichagua kamati yao ya kuusimamia. Mwanakandarasi hakulipwa mpaka kamati itie sahihi kwamba kazi imekamilika.

Mama huyu alichaguliwa katika kamati ya mradi wa maji. Alikuwa amesoma hadi darasa la saba. Mwanakandarasi alimletea karatasi siku ya Ijumaa jioni, akamwambia atie sahihi haraka, mabomba yamekwisha kufukiwa. Mama akachukua jembe, akafukua hatua tatu. Bomba lilikuwa jembamba kuliko lile lililoandikwa katika daftari lake.

"Ukafanya nini, mama?"

"Nikarudisha kalamu."

Kazi ilirudiwa. Alinionyesha bomba la maji pale penye mwembe, akalifungua ili nione. Maji yalitoka, ingawa si kwa nguvu. Akaniambia kwamba wiki nyingine hayatoki kabisa, na kwamba nisije nikaandika kuwa Makueni ni peponi.

Basi naandika kama nilivyoambiwa. Lakini nadhani umeona, msomaji, kitu alichofanya yule profesa. Hakuleta wazo kutoka Ulaya. Alichukua mwethya, akaupa karatasi na nguvu ya sheria. Aliyezoea kuulizwa na jirani "Je, tuta hili limenyooka?" hakuona ajabu kuulizwa na serikali.

Mjini Wote nilitembelea hospitali ya mama na mtoto yenye vitanda 200, iliyojengwa wakati wake kwa gharama iliyotangazwa ya takriban shilingi milioni 135. Watu kutoka kaunti nyingine walikuja kuitazama kwa sababu walizoea kusikia majengo madogo kuliko hayo yakigharimu mara kadhaa zaidi. Kulikuwa pia na mpango wa matibabu ulioitwa MakueniCare, ambapo familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka. Na huko Kalamba kilijengwa kiwanda cha kusindika maembe, ili mkulima asilazimike kumwuzia dalali kwa bei ya kutupa msimu ukifika.

Siku ya risasi

Usidhani njia ilikuwa nyeupe. Gavana na bunge la kaunti waligombana juu ya bajeti tangu mapema. Madiwani walisema gavana anawadharau na hataki kuchunguzwa. Upande wa gavana ulisema madiwani wanataka pesa za wananchi zitumike kwa starehe zao. Tarehe 23 Septemba 2014 ugomvi huo ulifika mahali pabaya. Risasi zilifyatuliwa katika uwanja wa bunge la kaunti hapa Wote, na watu kadhaa wakajeruhiwa.

Wananchi walichoka, wakakusanya sahihi kuomba kaunti yao ivunjwe, gavana na madiwani wote waende nyumbani, uchaguzi ufanywe upya. Tume ya uchunguzi iliundwa, ikasikiliza watu, ikapendekeza kaunti isimamishwe. Mwaka wa 2015 Rais Uhuru Kenyatta alikataa pendekezo hilo, akawaambia wapatane.

Je, wananchi walishindwa? Mimi sidhani. Walingoja. Katika uchaguzi wa 2017 gavana alirudishwa, na wengi wa madiwani wale wakakosa viti. Watu wa Makueni walikuwa wamefanya lile ambalo Muindi Mbingu alilifanya mwaka wa 1938, tofauti ni kwamba safari hii hawakuhitaji kulala nje Nairobi.

Kura haina shukrani

Mwaka wa 2022 vipindi vyake viwili vilikwisha. Kibwana aliomba kiti cha seneta kwa chama chake cha Muungano, akashindwa na Daniel Maanzo wa chama cha Wiper. Ugavana ulichukuliwa na Mutula Kilonzo Junior, wakili tena, mwana wa yule waziri niliyemtaja.

Wasomi wa Nairobi walishangaa: inawezekanaje mtu anayesifiwa nchi nzima kukataliwa nyumbani? Nilimwuliza yule mama wa mbaazi. Alijibu bila kuinua macho kwamba gavana alikuwa mtu mzuri, lakini mwaka ule kila mtu alifuata wimbi la chama. Kisha akaongeza: "Na daftari lilibaki." Nilitafakari maneno hayo njia nzima ya kurudi. Mtu akijenga hospitali, atakayekuja anaweza kupaka rangi yake. Lakini akiwafundisha watu kurudisha kalamu, atakayekuja ataikuta kalamu hiyo ikimngoja.

Kabla ya kuondoka nilionyeshwa upande liliko bwawa la Thwake, karibu na mahali ambapo mto Thwake unaingia Athi, mpakani mwa Makueni na Kitui. Limepangwa kubeba mita za ujazo milioni 688 za maji, kwa ajili ya kaunti zote mbili na hata mji wa Konza. Ujenzi ulianza mwaka wa 2018, na tarehe ya kumaliza imesogezwa zaidi ya mara moja. Barabarani nilihesabu punda kumi na wanne waliobeba mitungi, na mtoto wa sare ya shule nyuma ya karibu kila mmoja wao.

Ndugu msomaji, ukipata likizo fupi, usikimbilie Mombasa kila mwaka. Wapeleke watoto njia hii. Waonyeshe mto wa mchanga, wachimbe kwa mikono mpaka maji yaje. Na wewe mwanafunzi wa sheria unayesoma ukurasa huu bwenini, mwulize mzee wako kijijini nani alitia sahihi mradi wa mwisho wa maji. Ikiwa hakuna anayejua, basi una kazi ya kufanya hata kabla ya kupata shahada yako.